Mfumaji wa Borgadal aliyeyakimbia maombi ya Jumatano

Saa tatu asubuhi, upepo wa baharini unatikisa bati la kibanda cha Torcuil MacRitchie, lakini mwenyewe hausikii. Miguu yake inakanyaga pedali za mashine ya kufumia, kushoto, kulia, na kitambaa cha sufu cha rangi ya majani makavu kinajikunja taratibu mbele ya magoti yake. Midomo yake inacheza.

Uzi unakatika. Anasimamisha mashine aufunge, na hapo sauti yake inasikika: anamshukuru Mungu kwa nyonga ya mkewe, kwa mvua kukatika, na kwa mtu atakayelivaa koti la kitambaa hiki, "p-popote alipo."

"Samahani," ananiambia. "Nilikuwa sijamaliza."

Torcuil ana miaka hamsini na minane. Amefuma tangu ujana wake hapa Borgadal, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Lewis, na amekuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuwahi kuomba kwa sauti mbele ya mtu yeyote.

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Biblia hufunguliwa mezani asubuhi na jioni, na kila Jumatano kuna mkutano wa maombi. Mchungaji hamwambii mtu mapema. Anataja jina la mwanamume yeyote aliyemo, watu wanasimama, na aliyetajwa anaanza.

"Kwa hiyo mimi nilihakikisha simo," anasema Torcuil. "Kila Jumatano kondoo wangu waliugua."

Mkewe, Ceiteag, anayemenya viazi jikoni, anadakia: "Kondoo wacha Mungu hao! Jumapili walikuwa wazima wote."

Woga huo ulianzia mezani kwa baba yake, mzee wa kanisa. Torcuil alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nyumba imejaa wageni waliokuja kwa Meza ya Bwana, baba akamwambia aombe. Alikwama kwenye neno la kwanza kabisa: Baba. Akalisukuma, likagoma. Mgeni mmoja, kwa huruma, akamalizia maombi yote kwa niaba yake.

"Afadhali angenicheka," anasema. "Nilitoka pale nikiamini kwamba M-Mungu naye anataka mtu mwingine animalizie."

Tangu siku hiyo aliacha kuomba, hata kimoyomoyo. Kanisani alikwenda, Biblia aliisoma kwa macho. "Nilimjua Mungu kama ninavyomjua daktari wa mjini. Jina lake ninalo, lakini siendi."

Watu walimtajia Musa, aliyekuwa na ulimi mzito, naye alikuwa na jibu tayari: "Musa alipewa Haruni. Mimi nimepewa Ceiteag, na huyu huongea mpaka usingizini."

Mambo yalibadilika majira ya baridi ya mwaka juzi. Jirani yao, mjane Oighrig NicLeòid, ambaye kijiji kizima humwita shangazi, alikuwa amepoteza macho. Ceiteag ndiye aliyekuwa akienda kumsomea Neno kila jioni. Kisha Ceiteag akapelekwa Inverness kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na Torcuil akabaki na kazi ya kumpelekea shangazi supu.

"Supu nimeipata," shangazi Oighrig alimwambia jioni ya kwanza. "Na Neno je?"

"C-Ceiteag atarudi."

"Mwanangu, mimi nina miaka tisini na moja. Usinipangie kusubiri watu."

Torcuil akafungua Zaburi. Mstari wa pili tu akakwama. Akangoja amaliziwe, maana maisha yake yote watu walimmalizia. Shangazi hakumalizia. Alifuma soksi yake kwa kupapasa, vijiti vikigongana, uso umetulia.

"Endelea tu," alisema mwishowe. "Sina basi la kuwahi."

Zaburi fupi ikachukua karibu jioni nzima. Torcuil anasema alirudi nyumbani jasho likimtoka kana kwamba amebeba magunia ya mboji ya kuwashia moto mgongoni kutwa, lakini kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo mpaka leo akilieleza macho yake hulowa. Neno lililogoma mdomoni halikumruhusu kulipita. Alilazimika kukaa nalo. "Huruma", kwa mfano, ilimkawiza hadi akajiuliza kama aliwahi kuiamini.

"Nilikuwa nimeisoma Biblia kama mtu anayepita kijijini kwa gari," anasema. "Sasa nilikuwa natembea kwa miguu, na watu w-wanatoka milangoni kunisalimu. Nikakutana na yule mtunga zaburi aliyechoka kulia. Nikamwambia, ndugu yangu, nakujua."

Jioni moja, alipofunga kitabu, shangazi Oighrig aliinamisha kichwa na kusema, "Sasa ongea naye." Torcuil naye akainamisha chake. Kisha akaomba: maneno manne, matano, kuhusu nyonga ya Ceiteag. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya wageni. Kesho yake akaomba tena, kibandani, akiwa peke yake na mashine.

Ceiteag aliporudi na fimbo yake, aliwakuta kwenye kitabu cha Isaya. "Nilisimama mlangoni na koti langu," anakumbuka. "Mume wangu anaomba kwa sauti! Nikadhani nimekosea nyumba."

Wiki chache baadaye shangazi alitaka kwenda kwenye mkutano wa Jumatano, na Torcuil ndiye mwenye gari. Hangeweza kumwacha kipofu mlangoni. Aliingia naye, wakaketi nyuma kabisa pamoja na Ceiteag. Mchungaji alikuwa mgeni, hakujua habari za kigugumizi; jina la Torcuil alilisikia mlangoni tu.

"Torcuil MacRitchie," alisema, "tuongoze kwa maombi."

Watu wakasimama.

"Nilitaka kupiga kelele kwamba nyumba inaungua," anasema Ceiteag. Iomhar, dereva wa basi la kijiji aliyekuwa mstari wa mbele, anakiri kwamba alikuwa ameshafungua mdomo amuokoe.

Ndipo sauti ya shangazi Oighrig ikasikika, kavu, bila haraka: "Mwacheni. Anakuja."

Naye akaja. Neno la kwanza lilimshika kama lilivyomshika ujanani, lakini safari hii hakukimbia. Alilikalia mpaka likafunguka, *Baba*, na baada ya hilo akaomba kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya nyumba ambazo bahari ilichukua watu wao, kwa ajili ya walio na aibu ya kumwendea Mungu. Alikwama karibu kila sentensi. Aliimaliza kila sentensi.

Aliposema amina, hakuna aliyeketi mara moja.

"Mimi nimesikia maombi laini miaka mingi, mengine nimeyalalia nikiwa nimesimama," anasema Iomhar. "Yale siku ile niliyasikia yote. Nilipofika nyumbani nikazima redio, nikapiga magoti mwenyewe. Na usiandike hilo, mke wangu atanicheka."

Ameruhusu liandikwe.

Kigugumizi hakijapona, na Torcuil ameacha kuomba kiondolewe. Siku hizi Jumatano anafika mapema, anawasha hita za kanisa, anachagua kiti cha mbele. Jikoni kwa shangazi Oighrig majirani nao huja kumsikiliza akisoma, na viti vinaazimwa.

Mwezi ujao anaanza kazi nyingine. Makao ya wazee mjini Stornoway yamemwomba aende kila Jumamosi kuwasomea Neno na kuomba na wale wasioweza tena kufika kanisani. Walimpangia nusu saa.

"Niliwaambia, jamani, n-nusu saa mimi bado nasalimia," anasema, akicheka mpaka anashika ukingo wa mashine. "Wakanipa asubuhi nzima."