Isome kwa Sauti Kabla Watu Hawajashuka

Nakumbuka siku moja pale Katoro, mji wa wachimbaji wa dhahabu, nikiwa kijana, vumbi la barabara ya Ushirombo likiingia mpaka ndani ya kibodi. Nilikuwa nimetoka kwetu Ibadakuli na cheti kipya, na maringo makubwa kuliko cheti chenyewe. Mwanangu, wewe unayejifunza programu kwenye simu ukiwa umejilaza kitandani, nivumilie kidogo. Sisi tuligombania kompyuta moja, na feni yake ilipiga kelele kama mashine ya kusaga.

Aliyenipa kazi alikuwa Mama Kulwa, mwandishi wa programu, mwanamke mwenye sauti ya kwaya. Kikundi cha wachimbaji wadogo kilikuwa kimemwomba programu ya kuamua kila asubuhi ni maduara gani, yaani mashimo yao ya dhahabu, yanafaa kushukwa. Mkaguzi angeingiza usafi wa hewa iliyomo shimoni, na hali ya matimba, zile nguzo zinazozuia udongo. Kompyuta ingejibu: shuka, au usishuke. Masanja, mtoto wa baba yangu mkubwa, alikuwa mmoja wa watakaoshuka.

Nikaandika kiolezo kimoja cha Duara, ambacho kila shimo lingetengenezwa kutokana nacho likiwa na hewa yake na matimba yake. Nikaijaribu programu kwa duara zuri kabisa, ikasema shuka. Duara bovu kabisa, ikasema usishuke. Nikaridhika, nikaanza kufikiria chipsi.

Sasa, Mama Kulwa alikuwa na desturi yake. Programu haikutoka mezani kwake mpaka isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mtu atakayeitegemea. Kila alama alikuwa ameipa jina. Nukta ni "ya", hivyo duara.hewa husomwa hewa ya duara, kinyumenyume kidogo, utazoea. Alama = ni "pokea", lakini == ni swali, "je, ni sawa na?" Alama ! ni "si". Alama && ni "na pia", na || ni "au". Mimi, nisiseme uongo, niliona ni mambo ya chekechea.

Masanja akaitwa, akaletewa kiti, akaketi na kofia mapajani.

"Soma, baba," Mama Kulwa akaniambia.

Nikasoma: "Ikiwa hewa ya duara ni safi, au matimba ya duara ni imara, shuka."

Nikarudisha kidole kwenye lile "au". Vijiti vile viwili vilivyosimama nilivizoea kwa sura tu, sikuwahi kuvitamka. Duara lenye hewa ya kuua lingeruhusiwa, mradi nguzo zake ni nzima, na majaribio yangu hayakuwa yamegusa duara la namna hiyo.

"Kwa hiyo nichague, mdogo wangu?" Masanja akauliza. "Nikose pumzi au nifukiwe?" Alicheka, ila kofia aliishika kwa mikono yote miwili.

Mama Kulwa hakunifokea. "Futa, andika ulichokusudia. Halafu usome tena, na safari hii umtazame yeye, siyo skrini."

Nikaweka &&. Nikasoma nikimtazama ndugu yangu: hewa safi, na pia matimba imara, shuka. Tukajaribu duara lenye hewa mbaya na matimba mazuri. Ikasema usishuke. Tukageuza, hewa nzuri na matimba mabovu, ikakataa tena. Masanja akanishika bega.

"Wabeja, mdogo wangu. Asante. Hapo nashuka."

Nilifurahi, mwanangu, furaha ya kutaka kukimbia uwanjani. Na mpaka leo nikiandika programu nasoma kwa sauti, wajukuu wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Basi usikariri alama kwa sura yake. Ipe jina kwa lugha unayoota nayo, ujue inauliza nini na inaruhusu nini. Programu usiijaribu kwa mazuri matupu na mabaya matupu. Changanya, chukua jema moja na baya moja uone itasemaje. Na kabla hujatangaza kuwa umemaliza, mtafute mtu atakayeishi kwa jibu hilo, umsomee ukimtazama machoni. Ulimi wako ukisita, rudi mezani bila aibu.

Mungu akupe jicho makini na moyo wa subira. Na kila atakayeshuka kwa neno la programu yako, jioni apande salama, akale na wanawe.