Firigisi ya Mjomba

Dawa ya kuhifadhi mahindi ina harufu kavu inayokaba koo kabla hujajua ni nini. Ukipita karibu na agroveti yoyote, duka la dawa za kilimo, hapa Bungoma wakati wa mavuno utaisikia, na mimi nikiisikia napotea. Sisemi nazimia. Macho yako wazi, miguu inatembea, lakini mwenyewe sipo. Narudi nikiwa nimeshafika nyumbani, mkononi nina sukari ambayo sikumbuki kuinunua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sishtuki, naondoka tu.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipolazwa akisubiri kumzaa mdogo wangu, Nanjala, nami nikapelekwa Kitale kwa mjomba, kaka yake mkubwa, kuanzia mavuno hadi Krismasi. Mahindi yalianikwa uani kwenye turubai, na kazi yangu ilikuwa kutazama mawingu. Mvua ya Kitale haipigi hodi. Siku moja ilinikuta chooni, na nilipotoka mbio mahindi yalikuwa yanaelea. Mjomba hakupaza sauti. Alinishika shingo akaniingiza stoo, katikati ya magunia yaliyotiwa dawa, akafunga kwa nje. "Kaa hapo ulinde panya, si uani kumekushinda?" Nilitolewa jioni. Tangu siku hiyo kila kosa, chai ikimwagika, kuku akiingia jikoni, adhabu ilikuwa stoo. Mkewe alipita nje akiimba nyimbo za kanisa, na nilipogonga mlango aliongeza sauti. Mwanzoni nililia. Halafu nikajifunza kupanda juu kwa mawazo, hadi kwenye mbao za paa, nikimwacha yule msichana chini na kikohozi chake. Nilimtazama kama mtoto wa jirani. Miezi ile ina mashimo. Krismasi yenyewe siikumbuki, ingawa iko picha ambayo nimevaa gauni jekundu, nacheka.

Mama sikuwahi kumwambia. Mwalimu wa ushauri shuleni ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu nilikuwa nikipotea darasani. Alinifundisha kwamba nikianza kuondoka niguse kitu baridi, nitaje polepole vitu ninavyoviona. Pia aliniambia niandike, na katika madaftari yangu nimemfungia mjomba stoo mara nyingi kuliko alivyonifungia mimi. Sioni haya. Wanasema funika kombe mwanaharamu apite, lakini mkono wangu ulishachoka kufunika.

Likizo ya Novemba mwaka jana, mjomba alikuja kwetu kumchukua Nanjala akamsaidie mavuno. Nanjala alikuwa karibu kutimiza umri wangu wa wakati ule. Mama alifurahi, akachinja kuku, akaniambia nipike. Kwetu hata mtoto anajua kwamba firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Ukimwandalia kuku bila firigisi, umemwambia hana lake hapo, na hujafungua mdomo. Kufungua mdomo hakujawahi kuwa kazi yangu. Nikaiopoa kwenye sufuria, nikaipuliza, nikaila nikiwa nimesimama mekoni. Ilikuwa ngumu. Niliitafuna yote.

Mezani mjomba alikoroga mchuzi mara mbili, tatu.

"Nasimiyu, firigisi iko wapi?" akaniuliza.

Mama alicheka kwa aibu. "Labda ni paka, kaka."

"Si paka," nikasema. "Nimekula mimi."

"Ati nini?"

Mikono yangu ikaanza kuwa mbali nami. Nikashika jagi la maji baridi. Meza, kalenda, kiatu cha mjomba chenye tope. Nikabaki. Nikasema stoo, nikasema dawa, nikasema mlango uliofungwa kwa nje kuanzia asubuhi hadi jioni, nikasema Nanjala haendi. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Huyu anaota bana," mjomba akamwambia mama. "Ni hizi shule za bweni."

"Ulimfungia?" mama akauliza.

"Nilikuwa namfunza kazi. Si hata sisi tulifunzwa hivyo?"

Mama alinyoosha mkono, akalivuta bakuli la kuku kutoka mbele ya mjomba, akaliweka mbele ya Nanjala. "Kula, mwanangu. Mjomba anaenda."

Sasa niko kidato cha nne. Habari ilifika Kitale kabla ya mjomba kufika, na nasikia akialikwa kwa ndugu siku hizi watu hutazama kwanza bakuli, halafu humtazama yeye. Nikisikia hivyo nalala vizuri. Mama ananiomba nimsamehe kaka yake kabla hajazeeka. Azeeke. Mtenda akisahau, mtendwa hasahau, na mimi nina miezi mitatu mizima ambayo hakuna atakayenirudishia. Bado napotea, ingawa si kama zamani. Nilipokuwa na miaka tisa hakuna aliyejua niko wapi, hata mimi. Nanjala ana miaka tisa leo. Yuko nje anaruka kamba, ananidanganya kwamba amemaliza kuosha vyombo.