Kijana wa Fotokopi

Kijana wa duka la fotokopi ana vidole virefu vilivyokolea wino, na kila karatasi huigonga mezani mara mbili kabla ya kuilaza kwenye mashine. Barua za watu za kuomba kazi anazichapa yeye, na makosa yao anayasahihisha bure, midomo ikimcheza. Shahada yake mwenyewe, ya fasihi, ameitundika ukutani nyuma ya feni, inaziba ufa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ufa naujua nikiuona.

Jana nilimpeleka mjukuu wangu akatume fomu ya chuo, na ilikuwa siku ya mwisho ya kupokelewa fomu.

"Umechagua kusoma nini, dada?"

"Fasihi, kaka."

Akaigonga ile fomu mara mbili. Akaigonga tena. Kisha akapeleka mkono chini ya meza, na taa ya mashine ikazimika.

"Umeme umekatika," akasema.

"Mwanangu, mbona feni inazunguka?"

Hakuinua macho. "Hiyo imezoea, bibi. Inazunguka tu, haina inakokwenda."

Mjukuu wangu akacheka. Mimi niliichukua ile fomu, nikaikunja, nikaitia mkobani.