Boti Ilimngoja Marehemu Mume Wangu Dakika Ishirini

Kosa ni langu, wala sikusukumwa na mtu. Nililifanya nikiwa na akili zangu zote na soksi jozi tatu miguuni. Jina silitaji. Wakenya wa Birmingham tunajuana, na baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwa mlangoni kwangu siku ile mkiimba.

Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Erdington. Mume wangu alikuwa kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Miaka mingi alishinda kwenye baridi na koti la kampuni, na kila akirudi alisema ipo siku atanipeleka nikaone barafu isiyo na msimamizi. Akatuandikisha kweli, watu wawili, safari ya boti ndogo pwani ya kaskazini kabisa ya Norwei, kuona wanyama wa baharini na mito ya barafu inayoshuka hadi majini.

Kabla hatujaenda, moyo wake ulisimama. Tukamrudisha Kenya, akazikwa kwao.

Sikulia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Siku zote za matanga nilishika birika kuanzia asubuhi hadi jioni. Nadhani wako wageni waliodhani nimeajiriwa kupika chai.

Aliyelia ni wifi yangu, dada ya mume wangu, anayekaa Handsworth. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo katika nchi hii yote, waliomjua marehemu tangu akiwa kijana ni mimi na yeye. Alikuwa akija kwangu, anakaa kwenye kiti cha kaka yake, analia, anakunywa chai, anarudi kwake. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe nikingoja aondoke. Hilo nalo naliungama.

Wenye boti walikubali kuisogeza safari. Nikachagua tarehe ambazo siku ya mwaka mmoja tangu afariki ingeangukia kati yake. Wakaniandikia kwamba nafasi ya pili wanaweza kubadilisha jina, nimlete nimpendaye. Sikujibu. Nilitaka kumlilia mume wangu peke yangu.

Wifi alipouliza, "Ile safari ya kaka iliishia wapi?" nikamwambia ilifutwa.

"Na siku ya kumbukumbu utakuwa wapi?"

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ningesema niko kazini, lakini rafiki yake anafanya kazi pale pale kwangu. Basi nikasema, "Nitakuwa nyumbani. Nitajifungia nipumzike. Sitaki mtu."

Mtu mzima, niliyelelewa na watu, namwambia Mkenya mwenzangu kwamba siku ya kumbukumbu nitakuwa peke yangu nimejifungia. Kwetu huo ni mwaliko. Mfiwa haombwi miadi. Unapika, unabeba, unapiga hodi.

Mimi huyo, nikapanda ndege.

Siku yenyewe ilipofika, nikashuka gatini asubuhi na viatu vyangu vya kanisani, vile vyeusi vyenye kisigino, juu ya zile soksi, kwa sababu nilikuwa naenda kwenye kumbukumbu. Boti ilikuwa ya abiria kumi na wawili. Kiongozi wetu, kijana mpole mwenye ndevu, akasoma orodha. Akafika kwenye jina la mume wangu.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nikasema, "Anakuja."

Sijui kwa nini. Basi tukangoja. Watu wamejikunyata kwa baridi, wanatazama barabara, mzee mmoja anapiga miguu chini, na mimi pia natazama barabara kama vile ninamtazamia. Dakika ishirini. Mwishowe nikamwambia yule kijana, "Hatakuja. Amefariki." Akafunga orodha yake polepole, akaniletea blanketi. Mkoba wangu ndio uliokaa kwenye kiti cha mume wangu.

Tukafika mbele ya ule mto wa barafu. Ni mkubwa, una rangi ya buluu kama mwali wa jiko la gesi. Kwenye vipande vilivyokuwa vikielea walilala sili, wale wanyama wanene kama magunia, wenye uso wa mbwa. Kijana akazima injini, akatuomba tusitoe hata sauti, tusikie barafu ikipumua. Watu wakaelekeza kamera zao kwa sili.

Barafu ikapasuka, ukuta mzima ukashuka majini kwa kishindo.

Nami nikapiga ukemi. Uuuuwi! Ule wa kwetu, wa mlangoni, unaowaita majirani, uliokuwa umenikaa kifuani mwaka mzima. Sili wote wakatumbukia. Hakuna aliyepata picha. Yule mzee niliyemchelewesha gatini alishusha kamera yake akanitazama, kisha akanipa kitambaa chake.

Nililia mbele ya watu kumi na mmoja nisiowajua, baada ya kukataa kulia mbele ya wanaonijua.

Saa hizo hizo, Wifi alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa amepanda mabasi mawili na sufuria ya pilau mapajani. Akina mama wa kanisa walikuwa nyuma yake. Walibisha hodi, wakaimba, wakaita kupitia tundu la barua. Simu yangu haikupatikana. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Jirani akasema hajaniona siku mbili. Yule rafiki yake wa kazini kwangu akasema niko likizo.

Polisi wakavunja mlango. Wifi aliwatangulia ngazini akiniita kwa jina. Hakukuta maiti. Alikuta mezani karatasi za safari, jina la kaka yake na langu, na ile barua ya kubadilisha jina. Presha ikampanda, akalazwa hospitali usiku huo.

Niliporudi gatini simu ikaanza kuita.

"Uko hai?"

"Niko hai, wifi."

"Uko wapi?"

"Kwenye barafu."

Akakata.

Nilipomwendea Handsworth alifungua mlango nusu. Nikamwambia yote, pamoja na sili. Hakucheka. Akasema, "Wewe umemlilia kwenye barafu. Mimi nimlilie wapi? Kaburi liko Kenya. Nilikuwa na kile kiti chake kwako tu."

Akafunga mlango, taratibu, jambo lililoniuma kuliko kama angeubamiza.

Ndugu uliyefiwa, kaa kimya upendavyo, hakuna dhambi. Lakini usijifanye mwenye msiba peke yako. Barua ikikuambia nafasi ziko mbili, jiulize ni nani mwingine anayemlilia mtu wako. Na ukitaka kutoroka, tafadhali sema uko kazini.

Mlango wangu mpya ulikuja na funguo mbili. Moja niliitumbukiza kwenye tundu la barua la Wifi, bila maneno. Majuma matatu yakapita hajaja. Jumamosi iliyopita nikatoka kazini, nikamkuta jikoni kwangu, amenipa mgongo, anajifuta macho.

"Vitunguu vyako hivi ni vikali," akasema.

Nikachukua kisu, nikasimama kando yake, nikaanza kulia. Vitunguu vyenyewe vilikuwa bado kwenye mfuko.