Misa ya Giza na Misa ya Mbalamwezi

Padri mmoja Mbelgiji, Mflama, aliyeongoza kwaya ya parokia yetu hapa Kalemie, enzi za Zaire, aliandika misa moja mara mbili: maneno yale yale, muziki tofauti. Moja ilikuwa ya wiki za mbalamwezi, nyingine ya wiki za giza.

Sababu ni ndagala, dagaa wa ziwa letu. Waimbaji wetu wa besi, sauti ya chini kabisa, wote walikuwa wavuvi, na ndagala huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mwezi ukipotea, besi nao wanapotea: usiku ziwani, mchana usingizini. Kwao Ulaya padri aliwahi kuongoza okestra katika kanisa kuu, na muziki wake ulichapwa katika vitabu. Mimi, mtunza makaratasi wa kwaya, nilidhani mtu wa namna hiyo hatavumilia. Mwaka wa kwanza kweli alikaripia kwamba wanakosa hata masomo ya solfeji, ya kusoma noti. Kiongozi wa besi akamjibu, "Padri, ndagala hawajuake solfeji." Tulicheka, naye akacheka, kisha akatafuta kalenda inayoonyesha mwandamo wa mwezi. Misa ya giza, ya sauti tatu bila besi, aliimaliza upesi. Ile ya mbalamwezi, ya sauti nne, ilimchukua miaka.

Ilipokamilika tu, wakubwa wake wakamwita Ulaya akatibiwe moyo. Treni yake ilikuwa Jumatatu, na wiki ile ilikuwa ya giza. Kila sauti ilikuwa imejifunza sehemu yake peke yake, lakini misa ya sauti nne hakuwa ameisikia nzima hata mara moja. Hakuomba kitu. Alikuja mazoezini Jumamosi asubuhi, akafungua ile ya sauti tatu.

Hapo besi wakaingia kanisani, wote, wametoka ziwani moja kwa moja, suruali zimelowa, macho mekundu. Kiongozi wao akasema, "Hatujalala, Padri. Utuongoze hivi hivi."

Tuliimba. Kukesha na kuitana mitumbwini kulikuwa kumezishusha sauti zao. Tulipofika Mwana-Kondoo wa Mungu, walishuka chini ya noti zilizoandikwa, mahali ambapo sikujua koo la mtu linaweza kufika. Nilisikia benchi linatetemeka chini yangu. Mkono wa padri ulisimama hewani, nasi tukaendelea bila mkono, hadi mwisho. Alichukua kalamu ya risasi, akaandika kitu kwenye mstari wa besi, akafunga karatasi zake.

Jumatatu alisafiri nazo. Nakala za kwaya ninazo zote, lakini ni za kabla ya siku ile. Nilimwandikia barua mbili kuuliza aliandika nini pale. Sijapata jibu.