Golikipa Asiyefanana na Kadi Yake

Fundi miwani hakumwamini mtu. Mteja akisema anakwenda kutafuta chenji, alimsindikiza kwa macho mpaka anapotelea konani. Kibanda chake, chini ya ngazi za jengo la ofisi, kilitosha meza, viti viwili na kabati la fremu. Kwenye droo ya chini, ndani ya vifuko vya plastiki, aliweka kadi za wachezaji mpira wa zamani, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu.

Alizinunua kwa shaka na kuzipangia thamani kwa shaka. Kadi ikiletwa, kwanza aliinusa, maana wajanja huloweka karatasi mpya kwenye chai ili ionekane kuukuu. Kisha aliiweka chini ya lensi, aone kama pembe zimepunguzwa kwa mkasi kuficha uchakavu.

"Iko siku utaninusa na mimi," mkewe alimwambia.

"Nilishakunusa kabla sijakuoa."

Basi kadi ya Komeo ikaanza kuadimika. Komeo lilikuwa jina la utani la golikipa mmoja wa zamani, kwa kuwa hakupitika. Wauzaji wakasema kuna mzee anazinunua zote, hata zilizochanika, wala haombi kupunguziwa. Hilo ndilo lililomkosesha fundi raha. Mtu asiyebishana bei ya karatasi kuukuu ana lake jambo. Ama anazificha ili zipande bei, ama anatengeneza za bandia.

Haukupita muda, mzee akaja mwenyewe, mkononi ana miwani iliyokatika bawaba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia pia unayo kadi ya Komeo."

"Nani kakwambia?"

"Wauzaji. Naitaka. Komeo ni mimi."

Fundi akaitoa kadi, akaishika mbali na mikono ya mgeni. Pichani alikuwa kijana mwembamba, pua kali, masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Aliyekaa mbele yake alikuwa na uso wa duara, pua pana, masikio yamelala kabisa.

"Mzee wangu, uzee unajua kukunja ngozi. Haujui kubandika masikio."

"Umeona, eh? Ndiyo shida yangu hiyo. Mpiga picha alipokuja nilikuwa kitandani na homa. Wakamvalisha jezi yangu golikipa wa akiba, wakaandika jina langu. Tangu hapo, kila nikijitaja, mtu anachomoa kadi na kunitazama kama unavyonitazama wewe. Mpaka baba mkwe!"

Hadithi ilikuwa tamu, na fundi akazidi kushuku. Matapeli wote aliowahi kukutana nao walikuwa wasimuliaji hodari. Akaamua kumtega.

"Utotoni nilikuwa naokota mipira nyuma ya goli," akasema taratibu. "Mabeki wakipitwa, Komeo alikuwa anapiga mluzi. Hebu upige."

Mipira aliiokota kweli, ila huo mluzi ulikuwa uongo mtupu. Mzee akamkazia macho.

"Mluzi? Na mdomo umekauka kwa woga?" Akaweka viganja magotini, akainama palepale kitini, akapaza sauti: "Wageni hao! Nani kawaalika?"

Watu waliokuwa wakipanda ngazi wakasimama. Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini ile "nani" ndefu fundi aliijua. Enzi hizo aliiga bafuni kwao mpaka mama yake akamgongea mlango.

Hata hivyo akauliza, "Sasa unazifanyia nini?"

"Nazichana."

"Unachana! Kadi yenye picha ya kimakosa ina thamani kuliko nyingine zote!"

"Kwako wewe. Mimi naona mtu mwingine kakalia jina langu."

Fundi aliishikilia kadi kwa muda, akaigeuza, akayatazama tena yale masikio. Kisha akaisukuma upande wa pili wa meza. Pesa ya mzee akaikataa. Mzee akaichana vipande vinne, na fundi akafumba macho kama anayeng'olewa jino.

Baadaye akatengeneza bawaba. Mzee akavaa miwani, akaomba kuziona kadi nyingine, na kwa mara ya kwanza fundi akamwachia mtu droo nzima.

Siku hizi mzee hupita mara kwa mara, hukaa kwenye kiti cha pili na kusimulia mechi. Fundi hupinga nusu ya anayosimuliwa, kwa mazoea tu. Mzee humwambia angefaa kuwa refa.