Mtu wa Kuona Migongo

Kazi ya Lopaka Nahale ilikuwa kusukuma. Tangu ujana wake ufukweni Waikiki alifanya hiyo moja. Anamlaza mtu kifudifudi juu ya ubao wa kutelezea mawimbini, anaugeuza uelekee nchi kavu, anangoja wimbi. Likifika, anausukuma ubao mkiani na kupiga kelele: "Inuka!" Basi. Hapo mikono yake imeishiwa kazi. Mtu akishachukuliwa na wimbi humfikii tena, hata awe mwanao.

Wengi huanguka. Mmoja mmoja husimama, na huyo ndiye anayemfanya mwalimu aamke kesho yake akiwa na hamu. Jana aliogopa maji ya magotini, leo anakwenda juu ya bahari kwa miguu yake!

Ila mwalimu hubaki nyuma, kule kwenye kina. Anachoona ni mgongo na mikono iliyotanuliwa. Uso haumwelekei yeye.

Nyuso aliziona Momi, mkewe. Momi alikodisha viti na miavuli chini ya mti wa hau, na Lopaka akitoka majini humkuta na chakula na habari.

"Yule Mjapani wa asubuhi, mdomo aliuacha wazi, embe lingeingia zima."

"Na yule baba mnene?"

"Alilia. Kisha akajifuta, akasingizia chumvi."

Lopaka alicheka, akala wali wake na nyama ya kopo. Siku ikawa imekamilika.

Momi alifariki mwezi wa tatu. Lopaka alikaa pembeni ya kitanda, kaishika miguu ya mkewe juu ya shuka. Hakuwa na la kufanya. Alishika tu.

Baada ya hapo hakuingia majini. Aliyemtoa ndani ni Uilani, mdogo wake Momi, mtandika vitanda wa hoteli. Watoto wake walikuwa wamehamia Las Vegas, mji wa jangwani, mmoja baada ya mwingine kama watu wengi wa visiwani, na sasa yeye naye alikuwa anawafuata. Siku ya safari ikafika, ndege ni ya jioni. Asubuhi akamgongea mlango, kavaa kaptura ya mwanawe.

"Shemeji, nisimamishe juu ya wimbi."

"Leo?"

"Ulitaka nije kujifunzia jangwani?"

Uilani alizaliwa karibu na bahari hiyo, lakini hakuwahi kusimama juu ya ubao hata mara moja. Momi alipokuwa akikimbilia mawimbi, yeye ndiye aliyebaki akibeba wadogo zao mgongoni. Baadaye akabeba wanawe, kisha mashuka ya watu. Sasa alikuwa na nywele nyeupe na magoti mabovu.

Lopaka alimlaza kwanza mchangani, akamwonyesha pa kuweka mikono na namna ya kuvuta mguu. Uilani akainuka, akaanguka, akacheka.

"Huu ubao utanibeba, au niuombe radhi kabisa?"

"Umebeba wazito kukushinda."

"Nani?"

"Dada yako, akiwa na mimba ya miezi saba."

"Mwongo mkubwa! Kama angekusikia!"

Wakabeba mbao zao. Kisha wakaingia majini.

Bahari ilikuwa imelala. Maji yalitulia kama ya beseni. Walikaa juu ya mbao zao, miguu ikining'inia, jua likipanda.

"Mbona mawimbi hayaji?"

"Yatakuja."

"Wewe si ndiye mwenye bahari? Yaite."

"Siwezi, shemeji."

"Na kama hayaji mpaka niondoke?"

Lopaka akatazama upeo wa bahari. Angempa nini? Angeweza kumpa ubao, mabega yake, siku nzima. Wimbi halikuwa lake.

Yalipokuja, yalikuja madogo. La kwanza likampindua. La pili akapiga goti, akapinduka tena, akaibuka anakohoa na kutukana. Adhuhuri ikapita. Pale kwenye viti simu ya Uilani ilikuwa imeshaita, mwanawe akiulizia masanduku kutoka Las Vegas.

"Moja la mwisho," Uilani akasema. Alikuwa ameshalala kifudifudi ubaoni.

Lopaka akaliona likiinuka mbali, pana, halina haraka. Akaugeuza ubao. "Piga maji. Piga! Usitazame miguu!" Bega likamuuma, akasukuma kwa nguvu zote zilizobaki. "Inuka!"

Uilani akainuka. Kwanza makalio yalitangulia, kisha mgongo ukanyooka, mikono ikatanuka. Akaenda. Akazidi kwenda, mdogo, mdogo zaidi, nywele nyeupe zikiruka, mpaka karibu na mchanga.

Lopaka akageuza shingo kutazama chini ya mti wa hau, kama alivyozoea. Kiti cha Momi kilikuwa kimekaliwa na kijana mgeni aliyeshika biashara ya viti. Kijana alikuwa akitazama simu yake.

Uilani akarudi kwenye kina akipiga maji juu ya ubao, huku akipiga kelele tangu mbali. "Shemeji! Umeniona? Nilikuwaje?"

"Nimeuona mgongo."

"Mgongo tu?"

"Mimi huona migongo. Uso alikuwa akinisimulia dada yako."

Uilani akashika ubao wa Lopaka.

"Ngoja nikuonyeshe. Nilikuwa hivi." Akafungua mdomo, akainua nyusi, akajaribu kucheka. Uso ukakunjamana, machozi yakashuka. Akajifuta. "Hapana, si hivi. Ngoja." Akajaribu tena. "Sivyo. Nimeshausahau, shemeji. Uso ulikuwapo sasa hivi."

"Acha. Si neno."

"Basi nisukume tena. Safari hii nitageuka nikutazame."

"Ukigeuka utaanguka."

"Nianguke."

Lopaka akaugeuza ubao wa Uilani uelekee nchi kavu, akaushika mkiani. Wakangoja. Kutoka ufukweni yule kijana wa viti aliita jina la Uilani, akaita tena: muda wa ndege. Maji yalikuwa yametulia, na Lopaka alikuwa bado ameshika.